Uzi: Kupima shinikizo la ubongo bila kutoboa fuvu – mashine tulizo nazo, hatua na mitego

Zamu_ya_Usiku (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum, hamjambo wenzangu. Uzi huu ni wa madaktari, wauguzi, wapiga altrasaundi na mafundi wa vifaa wanaohudumia majeruhi wa kichwa hapa Mombasa na kwa jirani zetu wa Kwale, Kilifi na Taita Taveta. Mgonjwa tunayemzungumzia mwamjua: wa bodaboda bila helmeti, au mpita njia aliyegongwa na lori kwenye barabara kuu ya Nairobi. Alama za Glasgow (kipimo cha fahamu, 3 hadi 15) ni 8 au chini, bomba la hewa limeshaingia, CT (picha ya kompyuta ya kichwa) imeshapigwa, upasuaji umefanyika au umeonekana hauhitajiki. Kuanzia hapo adui mkubwa ni uvimbe.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ndani yake ubongo huchukua kama asilimia 80 ya nafasi, damu 10 na maji ya ubongo 10. Uvimbe ukianza, maji hushuka kwenye uti wa mgongo na damu ya vena hutoka, kwa hiyo mwanzoni shinikizo halipandi sana. Nafasi hiyo ikishaliwa, mililita chache za ziada hulirusha juu. Ndiyo maana aliyekuwa ametulia saa nane usiku aweza kuwa na mboni iliyopanuka ilipofika saa tisa.

Kawaida ya mtu mzima aliyelala ni mmHg 5 hadi 15. Mwongozo wa Brain Trauma Foundation, toleo la 4 la 2016, unataka matibabu yaanze likivuka 22, na shinikizo linalosukuma damu kuingia ubongoni lilindwe kati ya 60 na 70. Hili la pili hupatikana kwa kutoa: wastani wa presha ya ateri, toa shinikizo la ndani ya fuvu. Wastani ukiwa 75 na ndani ya fuvu 30, ubongo wabakiwa na 45, na 45 haitoshi.

Kipimo cha kutegemewa ni cha ndani: mrija kwenye ventrikali (chumba cha maji ndani ya ubongo) au waya kwenye nyama ya ubongo. Penye daktari wa upasuaji wa ubongo na kifaa chake, kiwekwe. Sisi hapa tuzungumzie pale ambapo hakuna, au damu haigandi hivyo hatuwezi kutoboa.

Kuna jambo hunikera nikilisikia: ati utafiti wa Bolivia na Ecuador uliotoka 2012, wenye wagonjwa 324, ulionyesha kwamba kupima shinikizo hakuna maana. Siyo ulivyosema. Kundi moja lilitibiwa kwa kufuata kipimo cha ndani, la pili kwa kufuata CT na uchunguzi wa mwili, na matokeo hayakutofautiana. Lakini hilo la pili halikuachwa likalala tu. Lilikuwa na ratiba kali, CT za kurudia, dawa kwa mpangilio. Ukichukua nusu ya habari ile, ukaondoa kipimo na usiweke ratiba, umebaki mikono mitupu.

Bi Sauti, naomba uanze na jicho.

BiSauti

Waaleikum salaam daktari. Kwanza kwa nini jicho: neva ya jicho imevikwa ala ileile inayofunika ubongo, na maji ya ubongo hupita ndani ya ala hiyo mpaka nyuma ya jicho. Shinikizo la fuvu likipanda, maji husukumwa mbele na ala hutanuka, zaidi kwenye milimita 3 nyuma ya jicho. Hapo ndipo tunapopima.

Tumia probu (kile kichwa cha altrasaundi kinachoshikwa mkononi) bapa ya mishipa, MHz 7.5 kwenda juu. Ya 10 au 12 ndiyo nzuri. Chagua mpangilio wa jicho kwenye mashine kabla hujagusa uso wa mtu. Kina sentimita 4, tano ikizidi sana. Mgonjwa chali, kichwa kimeinuliwa nyuzi 20 hadi 30 kama alivyokuwa analala. Usimlaze bapa kwa ajili ya picha, utapandisha kile unachokwenda kupima.

Funga kope. Weka plasta nyembamba angavu juu yake kama ipo, bila hewa chini, kisha jeli nyingi mno. Jeli ndiyo inayobeba probu. Mkono wako uegemee kwenye paji la uso au daraja la pua, probu ielee, isikandamize. Kukandamiza jicho kwaweza kushusha mapigo ya moyo, na kunaharibu kipimo.

Tafuta neva ikionekana kama mkanda mweusi unaoshuka kutoka nyuma ya jicho. Iweke katikati ya kioo. Gandisha picha, shusha kalipa (alama ya kupimia kwenye kioo) milimita 3 kutoka pale neva inapokutana na jicho, kisha chora mstari wa kukata neva kwa pembe mraba. Hapa ndipo watu hupotea: pima ala, usipime neva peke yake na usipime kivuli. Ukiitazama vizuri utaona neva nyeusi katikati, pembeni yake ukanda mweupe kiasi wa maji na nyuzi, halafu ukingo wa ala. Pima kutoka ukingo wa ndani wa ala upande mmoja hadi wa pili, na kila mpimaji wa wodi yenu afanye hivyohivyo. Anayepima nje kwa nje atapata namba kubwa kwa jicho lilelile.

Kivuli cha lenzi hudanganya. Ukipita katikati ya lenzi, mawimbi ya sauti hukatwa na chini yake huja mkanda mweusi ulionyooka, wenye kingo kali kama umechorwa kwa rula. Neva ya kweli hujipinda kidogo na kingo zake si kali hivyo. Sogeza probu kwa upande wa sikio, elekeza puani, kivuli kitaondoka na neva itabaki.

Pima mara mbili kila jicho, moja probu ikiwa imelala na moja ikiwa imesimama. Jumla ya nne, wastani ndio unaoandikwa. Na jicho lililopasuka, au linaloshukiwa kupasuka, haliguswi kabisa.

Kijana_wa_Voi

Shukran Bi Sauti. Sasa mstari uko wapi? Huku nasikia milimita 5, kwingine 5.5, kwingine 6. Nikipata 5.4 nifanye nini?

Pumzi_na_Usingizi

Mdogo wangu, umeuliza penyewe. Tafiti zimetoa mipaka tofauti, kuanzia 4.8 hadi kupita 6, kwa sababu mashine ni tofauti, wapimaji ni tofauti na watu wenyewe ni tofauti. Tena wapimaji wawili wazuri kwa jicho moja huachana milimita 0.2 hadi 0.3. Maana yake 5.4 na 5.6 ni namba moja.

Mimi hugawa hivi. Chini ya 5, shinikizo kubwa halielekei kuwapo. Kutoka 5 hadi 6, sijui kitu mpaka niweke kipimo cha pili kando yake. Juu ya 6 kwa macho yote mawili, huyo nimchukulie ana shinikizo mpaka ithibitike vinginevyo. Watoto wana mipaka yao: chini ya mwaka mmoja milimita 4, wakubwa zaidi 4.5.

Chenye thamani zaidi kuliko mpaka ni mwendo. Aliyekuwa 4.9 jana jioni na leo asubuhi 5.7, mpimaji mmoja na mashine moja, amenieleza zaidi kuliko mgeni anayeingia na 5.7. Ndiyo maana picha ya kwanza ipigwe anapolazwa hata kama yuko sawa. Bila ya kwanza, ya pili haina pa kulinganishwa.

Na jambo lisilosemwa sana: ala ikishatanuka kwa muda, haina haraka ya kurudi. Umempa manitoli (dawa ya mshipa ya kupunguza uvimbe wa ubongo), shinikizo limeshuka, ala bado pana. Ukifuata ala peke yake utaongeza dozi ambayo haikuhitajika. Kwa kuona kama dawa imefanya kazi ndani ya nusu saa, dopla ya kichwa, altrasaundi inayopima kasi ya damu, ndiyo inayojibu.

Zamu_ya_Usiku

Endelea na dopla basi, kaka. Wengi wanaiogopa, hudhani ni lazima mashine maalumu.

Pumzi_na_Usingizi

Si lazima. Probu ile ya moyo, ya MHz 2 hivi, yatosha. Mpangilio wa dopla ya kichwa ukiwapo vizuri, usipokuwapo chagua wa moyo na uweke kina sentimita 15.

Mahali ni juu ya mfupa wa shavu, kati ya pembe ya nje ya jicho na sikio, karibu zaidi na sikio. Alama ya probu ielekee jichoni. Ukiwa sawa utaona fuvu la upande wa pili likipinda chini ya kioo, na katikati shina la ubongo lenye umbo la kipepeo. Washa rangi, punguza kipimo cha kasi. Mbele ya kipepeo, upande wako, utaona mshipa mwekundu unaokujia: hiyo ni ateri ya kati ya ubongo, kina milimita 45 hadi 60. Weka kidirisha cha dopla hapo, sikiliza, sogeza kidogokidogo mpaka upate sauti kali na mawimbi makubwa zaidi. Acha mapigo kama kumi yapite, gandisha.

Chukua namba mbili: kasi ya kilele na kasi ya mwisho wa mapumziko ya moyo. Wastani wake ni kilele, jumlisha mara mbili ya mapumziko, gawa kwa tatu. Mashine nyingi hukupa wastani halisi wakati wimbi limefuatwa vizuri, tumia huo. Halafu faharasa ya mdundo, PI: kilele toa mapumziko, gawa kwa wastani. Kawaida ni 0.6 hadi 1.1.

Fuvu likibana, mshipa husukumwa wakati moyo unapiga lakini moyo ukipumzika damu hukosa nguvu ya kuingia. Kwa hiyo kasi ya mapumziko ndiyo inayoanguka kwanza. PI juu ya 1.2 nakaa macho. PI juu ya 1.4 pamoja na kasi ya mapumziko chini ya sentimita 20 kwa sekunde, hapo sisubiri.

Mfano. Wastani wa presha 90, kilele 90, mapumziko 40. Wastani wa kasi ni 56.7, PI 0.88. Huyu yuko vizuri. Mwingine, presha ileile 90, kilele 95, mapumziko 20. Wastani 45, PI 1.67. Presha kwenye monita haiwatofautishi hawa wawili hata kidogo.

Kuna fomula ya Czosnyka ya 1998 ya kukisia shinikizo linalosukuma damu: wastani wa presha mara kasi ya mapumziko, gawa kwa wastani wa kasi, ongeza 14. Kwa wa kwanza inatoa 77.5, maana yake ndani ya fuvu kama 12.5. Kwa wa pili 54, ndani ya fuvu 36. Nawasihi msiyaandike hayo kwenye fomu kana kwamba yametoka kwenye waya. Kosa lake laweza kufika mmHg 10 na zaidi. Inafaa zaidi kukanusha kuliko kuthibitisha: ikisema hakuna shinikizo, mara nyingi hakuna.

Uzuri wa PI na fomula hii ni kwamba zote ni za uwiano. Pembe ya probu ikikosea, namba za juu na chini hukosea pamoja na uwiano haubadiliki. Kasi zenyewe hubadilika, kwa hiyo usiamini "20" kama umeshika mshipa kimshazari.

FundiVifaa_Changamwe

Naingilia hapo kwenye mashine, maana makosa mengi yaanzia kwenye vitufe.

Moja ni kichujio cha kuta za mishipa. Mashine ikiwa kwenye mpangilio wa moyo, kichujio huwa juu. Kinafuta kasi ndogo zote karibu na mstari wa sifuri. Utaona mapumziko ni sifuri, utapiga kelele kwamba ubongo haupati damu, kumbe damu ipo na mashine imeificha. Shusha kichujio mpaka cha chini kabisa kabla ya kusoma kasi ya mapumziko. Na mstari wa sifuri uwe katikati, ili damu ikirudi nyuma ionekane.

Pili nguvu ya sauti kwenye jicho. Kiashiria cha mitambo, kile kinachoandikwa MI pembeni ya kioo, kisipite 0.23, na cha joto kisipite 1. Mpangilio wa tumbo au wa mishipa hupita hapo kwa mbali. Usiwashe dopla juu ya jicho bila sababu. Mashine isiyo na mpangilio wa jicho, shusha nguvu kwa mkono mpaka MI ifike.

Tatu, jeli. Mombasa hii ya unyevu, chupa kubwa zinazojazwa tena na tena ni bustani ya vijidudu. Kwa jicho tumia pakiti ndogo safi za mara moja. Na probu ikitoka kwa mgonjwa ipanguswe jeli yote kwanza, ndipo dawa ya kuua vijidudu ile iliyoruhusiwa na mtengenezaji. Spiriti kali hupasua mpira wa probu, baadaye maji huingia na picha huota mistari.

Stima ikikatika, mashine nyingi za kubebeka hukaa kwa betri, lakini betri ya miaka mingi hudanganya kiwango chake. Ijaribuni mkiwa na nafasi: chomoa, washa, pima dakika. Mjue kabla hamjaihitaji.

SistaTudor

Nashukuru kwa mashine, lakini daktari mwenye probu anakuja mara tatu kwa siku na mimi niko kitandani kila saa. Hebu tuyaandike na ya kwetu, maana mengi ya shinikizo huanza na kulala vibaya.

Kitanda nyuzi 30, kipimwe, kisikisiwe. Kichwa katikati, pua na kitovu mstari mmoja. Shingo ikigeukia upande, vena ya shingo hubanwa na damu hukosa pa kutokea. Kola ya shingo hupandisha mmHg 4 au 5. CT ikishaonyesha shingo haijaumia, kola ivuliwe siku hiyohiyo. Kabla ya hapo, ilegezwe kiasi kinachoruhusiwa na mifuko iwekwe pembeni. Kamba ya bomba la hewa isizunguke shingo kwa kubana. Nashauri plasta au kifungo cha pembeni.

Kunyonya makohozi: ongeza oksijeni kwanza, mrija uingie si zaidi ya sekunde 10, upumzike, na dawa ya usingizi iwe imeingia kabla. Kugeuza, kuosha na kunyonya visifuatane. Acha dakika kadhaa katikati. Homa ishushwe, chumba cha pwani bila kiyoyozi ni homa tosha.

Mboni kila saa, tochi ileile, taa ya chumba imepunguzwa, mwanga uingie kutoka pembeni. Andikeni milimita na kasi, msiandike "sawa". Tofauti ya milimita 1 kati ya macho, daktari aitwe. Alama ya mkono na mguu ikishuka hata moja, daktari aitwe. Presha ikipanda, mapigo yakishuka na pumzi ikivurugika kwa pamoja, hapo tumeshachelewa, dawa ianze na simu ipigwe kwa wakati mmoja.

Mtakumbuka pia dawa za maumivu jamii ya mofini hukaza mboni, na atropini huzipanua. Ziandikwe kando ya namba.

BiSauti

Sista, hapo kwenye tochi nikuongezee. Kipo kifaa cha kupima mboni kwa namba, hutoa alama 0 hadi 5, na chini ya 3 ni mbovu. Kinaondoa ubishi wa "naona inasinyaa", "mimi sioni". Kwa kope zilizovimba mpaka jicho halifunguki, probu yangu huona mboni kupitia kope: iweke chini ya jicho, elekeza juu, mulika jicho la pili, utaiona ikisinyaa kwenye kioo.

Kijana_wa_Voi

Dopla nimejaribu kufuata maelezo. Swali: kwa baadhi ya watu picha ni ukungu mtupu upande wote wa sikio.

Pumzi_na_Usingizi

Hao wapo, mmoja kati ya kumi, wakati mwingine zaidi. Zaidi wanawake wazee, mfupa wao ni mnene. Jaribu upande wa pili, sogea nyuma zaidi kuelekea sikio, ongeza jeli, nywele zilowe vizuri. Dakika kumi zikipita bila picha, andika "dirisha halikupatikana" na ubaki na jicho. Usilazimishe namba. Bandeji na uvimbe baada ya upasuaji navyo huziba.

Sasa nimalizie kilicho muhimu kuliko kushika probu: vitu vinavyopandisha PI bila shinikizo la fuvu. Kabonidayoksaidi ikishuka, mishipa ya ubongo hujikaza, mapumziko huanguka, PI hupanda. Kila mmHg 1 ya kabonidayoksaidi hubadilisha mtiririko wa damu kwa asilimia 3 hivi. Mgonjwa anayepumuliwa kwa kasi mpaka 28 atakupa PI ya kutisha, na tiba yake ni kupunguza ventileta, siyo manitoli. Presha ya chini hufanya vilevile. Mapigo ya polepole pia, kwa sababu mapumziko yamerefuka. Na vali ya aota inayovuja.

Kwa hiyo kabla ya kusoma PI andika vitu vinne kwenye mstari huohuo: presha, mapigo, kabonidayoksaidi, joto. PI isiyo na hivyo vinne mimi siisomi. Na kumbuka kipimo cha kabonidayoksaidi cha kwenye bomba la hewa huwa chini ya cha damu kwa mmHg 2 hadi 5, na pengo huongezeka mapafu yakiumia au presha ikianguka. Lenga 35 hadi 40 ya damu.

Kuhusu presha yenyewe: transdyusa (kihisi cha presha) ya laini ya ateri ikiwekwa usawa wa moyo na kichwa kimeinuliwa nyuzi 30, presha inayofika kichwani ni ndogo kwa mmHg 10 hivi kuliko unayoisoma. Wodi ichague usawa mmoja, wa moyo au wa sikio, na iandikwe ukutani. Ubaya ni kubadilisha kila zamu.

Msambweni_Kliniki

Mmesema mengi ya kupima. Mimi nauliza ni lini naanza dawa, na CT ninayo moja tu ya siku ya kwanza.

Zamu_ya_Usiku

Swali zuri. Kuna utaratibu wa CREVICE, uliotolewa 2020 na kundi lililotokana na ule utafiti wa Amerika ya Kusini, umetengenezwa kwa wasio na kipimo cha ndani. Dalili kubwa ni tatu, zote za CT: sisterna (nafasi za maji) za chini ya ubongo zimebanwa, mstari wa kati umehama zaidi ya milimita 5, au kuna donge la damu ambalo halikutolewa. Dalili ndogo ni nne: alama ya mwendo ya Glasgow (ile ya mkono na mguu) 4 au chini, mboni zisizolingana, mboni zisizoitika vizuri kwa mwanga, na CT yenye majeraha lakini sisterna ziko wazi na mstari umehama milimita 0 hadi 5. Kubwa moja au ndogo mbili, mchukulie ana shinikizo na uanze.

Altrasaundi naiweka juu ya msingi huo. Dalili hazitoshi lakini ala ni 6.1 na PI ni 1.5 huku kabonidayoksaidi ikiwa 37: naanza, na naomba CT nyingine. Ala 5.6 na PI 0.9, mwili haujabadilika: sianzi, narudia baada ya saa mbili. Vikipingana vikali, CT ndiyo mwamuzi, au kumpeleka kwenye kipimo cha ndani. Na CT nzuri ya siku ya kwanza haimpi mtu dhamana ya siku ya tatu.

Dawa: hakikisha kwanza yale ya Sista yote, usingizi wa kutosha, oksijeni asilimia 94 kwenda juu, presha ya juu (ile namba kubwa) isishuke chini ya 110 kwa vijana (100 kwa wa miaka 50 hadi 69). Halafu manitoli asilimia 20, gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 kwa gramu 0.5 ni gramu 30, yaani mililita 150, ndani ya dakika 15 hadi 20. Chupa iangaliwe kwenye mwanga. ICU yenye kiyoyozi kikali huifanya iote fuwele, na mrija wenye kichujio hutumika kila mara. Kateta ya mkojo iwe ndani, maana mkojo utamwagika na presha yaweza kuanguka saa moja baadaye. Mwenye presha ya chini au asiyejazwa maji, bora chumvi asilimia 3, mililita 250. Sodiamu isivuke 155, osmolaliti (ukolezi wa damu) isivuke 320.

Steroidi hapana. Utafiti wa CRASH wa 2004, majeruhi 10,008, ulionyesha vifo viliongezeka. Bado naiona deksamethasoni, nayo ni steroidi, kwenye karatasi za rufaa za majeruhi wa kichwa, tafadhali iacheni. Na dripu ya deksitrosi 5 pia iacheni isipokuwa sukari imeshuka, maji yake huingia ubongoni.

Msambweni_Kliniki

Shukran. Na kama sina CT wala dopla, nina probu bapa tu, na gari la kwenda Mombasa liko mlangoni?

Pumzi_na_Usingizi

Gari liondoke. Kipimo cha jicho huchukua dakika tano, na kama kitachelewesha safari hakina faida, kwa sababu donge la damu halitolewi kwa altrasaundi. Ukiwa unasubiri gari, sawa, pima, andika na saa.

Njiani: nyuzi 30, shingo wima, oksijeni, presha kila dakika 5, pumzi 12 hadi 14 kwa dakika ukibana mfuko kwa mkono. Wengi hubana mfuko mara 25 kwa wasiwasi na mgonjwa anafika na kabonidayoksaidi ya 24. Kupumulisha kwa kasi ni kwa mboni iliyopanuka ghafla tu, kwa muda mfupi, manitoli ikiingia. Mkipitia feri ya Likoni, piga simu mapema mpewe njia, na muiarifu hospitali mnayokwenda ili CT iwe tayari.

SistaTudor

Karatasi ya zamu basi, nani ataiandaa? Nataka mistari ile ikae pamoja, isiwe jicho liko kwenye faili moja na mboni kwenye lingine.

Zamu_ya_Usiku

Nimeandaa safu hizi, sista, urekebishe: saa, alama ya mwendo, mboni kulia na kushoto kwa milimita na kasi, presha ya wastani, mapigo, joto, kabonidayoksaidi na imetoka wapi, ala kulia na kushoto, PI kulia na kushoto na kasi ya mapumziko, dawa iliyotolewa, jina la mpimaji. Ala na PI wakati wa kulazwa, kisha kila baada ya saa 6 kwa siku 3 za kwanza, na nje ya ratiba kila mwili ukibadilika. PI irudiwe dakika 30 baada ya manitoli au chumvi.

SistaTudor

Ongeza safu ya nyuzi za kitanda na ya kola, imevaliwa au imevuliwa. Nyingine ziko sawa.